Chatu Mweupe na Hesabu ya Mabinti

Kwetu jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, linamsubiri. Binti wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu vilevile, na wavulana wana mstari wao. Ukitaja jina lako tu katika soko la Bwera, kila mtu ameshajua wewe ni wa ngapi kwenu. Hata mtoto aliyefariki akiwa mchanga hubaki na nafasi yake, na anayemfuata haichukui. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, huko Beni na Butembo nchini Kongo, desturi ni hiyohiyo, maana sisi na wao ni ndugu. Tofauti ni kwamba wao walisomeshwa Kifaransa na sisi Kiingereza.

Kwa hiyo nilielewa vizuri sana alichonifanyia mama mkwe wangu. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mtoto alitoka mweupe pe, nywele rangi ya majani makavu ya mahindi, kope zake hazionekani mpaka umsogelee. Mama mkwe alikuwa amevuka mpaka na kuku wawili na vitenge vipya. Alimtazama mtoto, akamfunika uso, akauliza kama nimekula, akarudi Butembo siku ileile. Jina hakulitamka. Kwa miaka mitatu na zaidi alimwita "ile mutoto". Nilipopata mimba ya pili, alinishika tumbo mbele ya majirani na kusema kwa sauti, "Hii ikikuwa mwanamuke, ndiyo itachukua jina ya kwanza."

Nilitamani kumrushia sufuria. Mimi si mpole, wanaonijua wanajua. Lakini mama mkwe harushiwi sufuria, basi nikaingia jikoni nikauvunja ukuni mmoja kwa goti, na goti likaniuma wiki nzima.

Mume wangu alikuwa wakala wa forodha pale Mpondwe, mtu wa kutazama karatasi na kunyamaza. Hospitalini aliniuliza swali moja tu, kwa upole, "Kwenu wako wa namna hii?" Nikasema hawako. Akasema, "Hata kwetu hawako." Tangu hapo hatukulizungumza tena. Alimpenda mtoto, alimbeba, alimnunulia viatu. Ila mama yake aliposema "ile mutoto", yeye alikohoa tu.

Wakati huo, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya nyoka mjini Kasese, karibu na barabara inayoelekea Muhokya, ambako wageni hupita wakienda mbugani. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, tuliyemwita Daktari basi. Alikuwa na kibali cha kufuga chatu wadogo wa aina moja, waliozaliwa mikononi mwa watu, wa rangi mbalimbali. Siku za kazi niliishi Kasese na binti yangu katika chumba cha kupanga, mwisho wa juma tukarudi Bwera.

Chatu hao Waingereza wamewapa jina la mpira, kwa kuwa wakiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Daktari alimwambia mchoraji aandike kibao, naye mchoraji akaandika CHATU MPIRA na kuchora mpira wa miguu wenye macho mawili. Wiki ya kwanza wanaume wawili waliingia kuulizia mechi inaanza saa ngapi. Wafaransa nao humwita chatu huyohuyo wa kifalme, na mama mkwe alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwami gani analala mu sanduku na anakula panya?"

Tulikuwa na chatu mweupe mmoja, jike. Mweupe kama maziwa, mwenye mabaka ya manjano ya ndizi mbivu, macho mekundu. Watalii walimpenda, wenyeji walimwogopa. Walisema mnyama mweupe wa macho mekundu lazima awe mkali, na kwa kweli alikuwa mkali. Kila nilipofungua sanduku lake alirusha kichwa. Aliniuma mara tatu mwezi wa kwanza. Nikaanza kuamini na mimi, nikawa namlisha kwa koleo refu huku namtukana kwa Lhukonzo, lugha yetu.

Siku moja Daktari alinikuta katikati ya matusi. Akasimama, akatazama sanduku, akatazama dirisha.

"Hii nyoka hapana kali," akasema. "Wewe naweka yeye kwa dirisha. Macho yake hapana kinga ya jua. Iko naona mwangaza tu, halafu mukono yako natoka juu kama mwewe. Hata mimi naweza uma wewe."

Tukamhamishia kona yenye kivuli, tukamwekea chungu kilichovunjika ajifiche. Nikaanza kumsogelea kutoka ubavuni, taratibu. Baada ya wiki tatu alikuwa anapanda mkononi mwangu na kutulia akinusa kwa ulimi. Kumbe chatu mwenye moyo mbaya kuliko wote pale ndani alikuwa wa kahawia, sura ya kawaida kabisa, ambaye hakuna mgeni aliyemwogopa. Huyo aliniachia alama kwenye kidole gumba hadi leo. Halafu alikuwako mwingine mwenye michoro myembamba kama utando wa buibui, na kichwa chake kilitikisika daima. Wageni walidhani amelewa waragi. Daktari alinieleza kwamba mtikisiko ule ulikuja pamoja na michoro, katika urithi uleule, huwezi kupata kimoja bila kingine. Na yeye ndiye alikuwa mpole wa kupindukia.

Nililala na maneno hayo kichwani, na kesho yake nikamwona binti yangu uani. Alikuwa amesimama juani saa sita mchana, uso umekunjwa, midomo imebana, ngumi mbili. Mama mkwe alikuwa amesema tangu zamani, "Ile mutoto iko na roho ya hasira, angalieni sura." Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemkubalia moyoni. Nilidhani amerithi hasira zangu. Nikamwita chini ya paa. Alipofika kivulini uso ukafunguka, akaniuliza kama kuna muhogo.

Nililia pale pale, nikimmenyea muhogo. Mtoto hakuwa na hasira hata kidogo. Jua lilikuwa linamuumiza, na kwa miaka mitatu sisi watu wazima tulikuwa tunasoma maumivu kama tabia. Nikamnunulia kofia yenye ukingo mpana, nikamshonea mikono mirefu. Ndani ya mwezi mmoja majirani walikuwa wanasema amebadilika, amekuwa mcheshi. Hakubadilika chochote.

Basi nikaanza kumsumbua Daktari kwa maswali. Rangi inatoka wapi? Alichukua maharage, ya kahawia na meupe, akayapanga mezani mawili mawili. Kila chatu, akasema, amebeba mbegu mbili za rangi, moja ya mama na moja ya baba. Kahawia ikiwa na nyeupe, kahawia ndiyo inaonekana, nyeupe inajificha. Mnyama anaishi maisha yake yote amebeba nyeupe ndani na hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Akikutana na mwenzake aliyeificha vilevile, na kila mmoja akatoa ile iliyofichwa, mtoto anatoka mweupe. Si laana wala mama kutembea nje. Akanionyesha yule wa kahawia mwenye moyo mbaya na dume lake, wa kahawia pia. Kila mmoja alikuwa na mzazi mweupe. Walikuwa wamekwisha kupandana, na jike alikuwa amenenepa.

"Kwa kila yai," Daktari akasema, "mara moja katika ine."

Mwezi uliofuata jike yule alitaga mayai sita. Mimi nikapiga hesabu yangu: robo ya sita ni moja na nusu. Kwa hiyo angalau mmoja atakuwa mweupe, hakuna ubishi. Nikaenda Bwera na kichwa juu.

Mama mkwe alikuwa amevuka kuleta maharage yake sokoni. Nilimkuta amekaa juu ya magunia, akiyafunga kwa fundo lake. Kila mfanyabiashara wa maharage wa upande ule ana fundo lake, na lake hakuna aliyeweza kuliiga. Gunia likifunguliwa njiani analijua kwa kulitazama tu. Nikamweleza habari ya mbegu mbili, nikitumia maharage yaleyale aliyokuwa akiyauza. Nikamwambia mtoto kama wangu hawezi kupatikana bila pande mbili, kwangu na kwao.

Akaacha kufunga. "Unalinganisha mutoto na nyoka?"

"Wewe ndiye hujamlinganisha na mtu, Mama."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama kando ya magunia, akakohoa.

"Kwetu mutu ya hivi haiko," mama mkwe akasema polepole. "Haiko, na haikukuwako."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Nikasema mbele ya mume wangu na wanawake wawili wa dagaa, "Nina chatu wawili wa kahawia. Wametaga. Njoo Kasese ukae uone mwenyewe. Mayai yakitoka bila mweupe hata mmoja, mtoto huyu aliye tumboni akiwa msichana, mpe jina la kwanza. Sitasema neno. Lakini mweupe akitoka, ile nafasi ni ya binti yangu, na utamwita kwa jina lake."

Mama mkwe aliwahi kubishana na askari wa mpaka wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na wote wawili wakamwachia njia. Si mtu wa kukimbia. Akatema mate pembeni akasema, "Nitakuja. Na ile sanduku nitafunga mimi."

Nilirudi Kasese natamba. Nikamsimulia Daktari, nikingoja anipongeze. Yeye akavua miwani.

"Wewe nasema nini? Robo hapana kama mukate, nakata vipande ine. Kila yai nachota mbegu yake peke yake. Sita yote naweza toka kahawia."

 Nilikuwa nimeweka jina la mwanangu rehani kwa hesabu ya mkate. Kwa siku karibu sitini nilikuwa nafungua sanduku la joto lenye mayai, nakagua unyevu, nafunga, na kuomba. Yai moja liliota ukungu, likanyauka, Daktari akalitoa. Yakabaki matano. Mume wangu alipojua jinsi nilivyokosea, hakukohoa safari hii. Alinigombeza kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, akasema hana haki mtu yeyote kucheza kamari na mtoto wake. Nilifurahi kumsikia, hata kama mwenye kugombezwa ni mimi. Nikamwambia, hayo maneno ungempelekea mama yako mapema tungekuwa mbali. Akainama.

Mama mkwe alifika siku mbili kabla ya muda, na kirago chake na rozari na sufuria yake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini vyombo vya nyumba yenye nyoka. Akayatazama mayai, akahesabu matano. Akawatazama wazazi katika masanduku yao, wa kahawia wote wawili. Akauliza yule mweupe analala wapi, akataka ahamishwe chumba cha mwisho na mlango ufungwe. Kisha akafunga sanduku la mayai kwa kamba ya katani na fundo lake. Kila asubuhi alilifungua yeye, akaangalia, akalifunga yeye. Daktari aliomba ruhusa kupima joto katika nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi ya tatu ganda la kwanza lilikuwa limepasuka, na pua ndogo imetokeza. Kahawia. Kabla ya saa nne, la pili likapasuka. Kahawia. Mama mkwe alianza kuimba wimbo wa kanisa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na sikuweza kusimama wala kukaa. Binti yangu alikuwa kwenye kirago cha bibi yake, maana hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, amepanga vifuniko vya chupa. Nilijua nikiendelea kutazama nitafanya fujo. Nikatoka nyuma kuchemsha chai.

Maji hayajachemka nikasikia ananiita. Hakuniita Mukamwana, mke wa mwana, kama kawaida yake. Aliniita kwa jina langu.

Nilikimbia na tumbo langu lote. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, kamba imelala sakafuni. Yai la tatu lilikuwa na mpasuko mrefu, na ndani yake kichwa cheupe, chenye mstari wa manjano, jicho moja jekundu, kikitutazama kwa utulivu mkubwa. Kilitoa ulimi, kikaurudisha.

Nilipiga kigelegele mpaka Daktari akaja na koleo akidhani kuna aliyeumwa. Nilicheza. Mjamzito wa miezi minane nilicheza kule ndani, nikamwinua binti yangu nikamwonyesha, akasema, "Ina nywele?" Nikamwambia haina. Nilishinda, na nilitaka kushinda kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miezi miwili, makali yote, na yalikuwa yananiwasha ulimini.

Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti. Akasema bila kugeuka, "Mimi jina yangu ni ya mutoto mwanamuke wa ngapi?"

Nikalitaja jina lake kichwani. La pili. Ni jina la binti wa pili, nililijua siku zote.

"Miaka yote ile umenipikia, haukuniulizaka wa kwanza iko wapi."

Sikuwahi. Kwetu ukiona nafasi imepita unafikiri mtoto alifariki mchanga, na huulizi jambo kama hilo.

"Alikuwa kama huyu," akasema, na mkono wake ukamwonyesha binti yangu, si nyoka. "Baba alisema asitoke nje, watu wasione. Wageni wakikuja, mama anasema mimi ndiye mukubwa. Jina tu ndiyo haikuweza kubadilisha, ingekuwa zambi. Alikuwa ananisuka nywele, anakaribisha uso hapa, hapa kabisa, sababu hakuona muzuri. Homa ilimubeba, mimi niko na miaka munane. Na mimi nikasema haikukuwako." Akarudia, "Nikasema haikukuwako."

Maneno yangu makali yote yalipotea. Nilishuka chini kando yake, kwa shida, tukakaa sakafuni tukitazama mayai. Daktari alirudi nyuma akaenda kuangalia chai. Kufikia jioni mayai yote matano yalikuwa yamepasuka, na mweupe alikuwa yule mmoja tu. Mmoja alitosha. Asubuhi mama mkwe alikusanya vitu vyake, akarudi Butembo, na jina la mwanangu alikuwa bado hajalitamka. Nilimwacha aende. Mume wangu nilimsimulia mwenyewe habari ya mama yake mkubwa aliyefichwa. Upande wangu, ile mbegu ilipita kwa nani, mpaka leo sijui. Nimewauliza shangazi zangu wote na wote wameapa.

Mwezi uliofuata nilijifungua Bwera, msichana, wa kahawia kama mimi. Ndugu wa mume wangu walivuka kwa wingi, shangazi zake, binamu zake, na mama mkwe mbele na kuku wake. Nyumba ikajaa. Shangazi mmoja, mwanamke wa sauti nene, alimpokea mtoto, akamwinua juu watu wote waone, akamwita kwa furaha jina la binti wa kwanza. Baadhi wakaitikia na kupiga makofi. Nilijaribu kunyanyuka kitandani.

"Shusha mutoto," mama mkwe akasema.

Makofi yakakoma.

"Hesabu muzuri. Wewe ulisoma shule na haujue kuhesabu? Huyu ni wa pili. Wa kwanza iko."

"Wa kwanza gani?" shangazi akauliza.

Mama mkwe alimpita. Alikwenda mlangoni, akasimama kizingitini akiwapa wote mgongo, akaita jina la binti wa kwanza, kwa ile sauti yake ya sokoni inayosikika mpaka kwenye magari ya mizigo. Akaliita mara mbili.

Kutoka uani, chini ya paa la jiko, binti yangu akaitika, "Abee, Bibi!" na tukasikia miguu yake ikija mbio.